Kopo la Kaka, Kopo la Kitinda

Chumba cha nyuma,
Juu ya duka la vioo.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, miguu juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza, na si umesimama jikoni ukimsimamia mkweo namna ya kusuuza vikombe. Macho yako yanaendeleaje? Mwanao aliniambia lile jicho la kulia bado linatoa machozi. Basi mpe yeye akusomee, ila mwambie asome polepole na asiruke mistari, maana namjua, ni mvivu wa kusoma tangu tukiwa watoto. Na sukari je, imetulia? Usingizi unapata? Unakula, au bado unajidai kushiba kwa chai?

Sisi huku tupo. Siwezi kuandika kwamba hatujambo, nitakuwa nakudanganya, na wewe hujawahi kukubali kudanganywa. Wifi hajauzoea ujane, anaamka, anapika, anarudi kulala. Kitinda anafungua karakana yao ya viatu kila siku kwa sababu hajui aende wapi kwingine. Mimi nakwenda redioni na kurudi. Tangu tumzike Kaka, kila mmoja wetu amekuwa na adabu ya ajabu kwa mwenzake, kama watu waliokutana hospitali. Hatugombani tena. Naichukia hali hiyo kuliko ugomvi.

Wiki iliyopita ulinipigia simu ukaniuliza swali, na simu ikakatika. Usiusingizie mtandao. Niliikata mwenyewe, nikakaa kwenye ngazi za ofisini nikalia mpaka mlinzi akaniletea kiti. Swali lako lilikuwa la haki kabisa. Ulisema umesikia habari kwamba dawa ya ule ugonjwa wa moyo wa ukoo wetu imejaribiwa na imefaulu, na unakumbuka Kaka na Kitinda walikuwa ndani ya majaribio hayo hayo. Ukauliza, kama dawa inafanya kazi na mwanangu niliyemlea alikuwa akiimeza, amekufaje?

Jibu lake halitoshi kwenye simu. Nitaandika kirefu, nawe hukuniita Kasuku bure. Nikifika mwisho nina ombi kwako, ombi la kweli, na uhai wa Kitinda uko humo. Kwa hiyo hata ukichoka, usiiweke barua pembeni.

Nianze na ugonjwa wenyewe, kwa kuwa unakuhusu na wewe. Ndio uliomuua baba, kaka yako. Ini la mtu hutengeneza protini za kila aina, na kuna moja ambayo kazi yake ni ya uchukuzi tu, inabeba vitu kwenye damu na kuvifikisha panapotakiwa. Ina vipande vinne vilivyoshikana. Katika ukoo wetu kuna kasoro ndogo ya kurithi, na kwa kasoro hiyo vipande havishikani vizuri. Vinaachana, vinajiviringa kuwa nyuzinyuzi, na nyuzi hizo zinakwenda kujipanga ndani ya misuli ya moyo. Miaka na miaka mtu hahisi kitu. Kisha moyo unakakamaa, kama ngozi ya kiatu iliyolowa ikaachwa juani. Unadunda, lakini haulegei tena kupokea damu. Pumzi inakuwa fupi, miguu inavimba, mtu hawezi kulala chali.

Unakumbuka baba alivyokuwa akilala ameketi, mito mitatu mgongoni, na watu wakisema ni pumu, na wengine wakisema mambo ambayo sitaki kuyaandika. Haikuwa pumu, Shangazi, na hakurogwa na mtu. Hukukosea kumpeleka wala kutompeleka popote. Siku zile hakuna hospitali ambayo ingejua.

Mzazi mwenye kasoro hiyo anaweza kumrithisha mtoto au asimrithishe, nusu kwa nusu, hata awe na watoto wangapi. Tulipopimwa sisi watatu, Kaka alikuwa nayo, Kitinda alikuwa nayo, mimi sina. Nililia kwa aibu ya kuwa mzima. Kaka akanishika shingo mbele ya muuguzi, akasema afadhali, lazima abaki mmoja wa kuongea, na kwa kazi hiyo ukoo umechagua mtu sahihi. Nilimfinya. Ndivyo alivyokuwa, hata moyo ukimkakamaa mdomo wake haukukakamaa.

Sasa dawa. Dawa hii haiondoi nyuzi zilizokwisha kukaa moyoni. Inaishika ile protini isiachane, ili uharibifu usiendelee au uende taratibu. Kaka alipoelezwa alisema basi ni gundi, na tangu siku hiyo wao wawili hawakuiita jina jingine. Wanameza gundi, wanakwenda kliniki kupimwa gundi.

Ila ili kujua kama gundi inashika, Shangazi, haitoshi kuwapa wagonjwa halafu kuwauliza wanajionaje. Mtu akipewa kidonge na daktari anayemtazama usoni na kumuuliza habari za nyumbani, atajiona ana nafuu hata kama kidonge ni unga mtupu. Ndiyo maana kompyuta inapiga kura. Nusu ya watu wanapata dawa, nusu wanapata vidonge vitupu vyenye umbo lile lile, rangi ile ile na ladha ile ile. Mgonjwa hajui amepata kipi. Daktari anayempima naye hajui, asije akamtazama mmoja kwa jicho la matumaini na mwingine kwa jicho la huruma. Mpaka mwisho, siri inabaki kwenye namba ya kopo.

Najua utasema ni ukatili. Hata wasikilizaji wangu huniandikia hivyo. Mimi nimefanya kazi hii ya kutafuna maneno ya wataalamu hadi yawe laini kwa miaka mingi, na jambo hili nimelieleza mara nyingi kuliko jingine lolote, kwamba bila kura hiyo tungekuwa bado tunameza majivu na kushukuru. Nilikuwa naliamini. Bado naliamini, na naandika hivi nikiwa na hasira.

Kaka na Kitinda walielezwa haya yote, na walielewa vizuri sana. Tatizo lilikuwa hapo. Walielewa, wakarudi karakanani, wakaketi kwenye meza yao ile moja, Kaka upande wa mlango na Kitinda upande wa ukuta, wakala njama.

Unawajua. Wewe ndiye uliyewalea kwa sahani moja. Watu wazima wenye mvi, na bado walikuwa wakinunua andazi moja la saa nne wakalikata, ingawa hela ya la pili ipo. Kila mmoja alipewa kopo lake, na kila asubuhi alitakiwa ameze vidonge viwili kutoka humo. Kaka akapendekeza kila mmoja ameze kimoja kutoka kopo lake na kimoja kutoka kopo la mwenzake. Kama makopo yote yana dawa, hawajapoteza kitu. Kama yote ni matupu, basi wamedanganywa pamoja. Lakini kama moja lina dawa na moja halina, hakuna kati yao atakayeachwa nje.

Makopo yalipokuwa yakirudishwa kliniki na kuhesabiwa, hesabu ilikaa sawa, kwa kuwa kila kopo lilitoa viwili kwa siku. Muuguzi aliwasifu kwa kufuata masharti. Wifi hakuambiwa. Mimi ndiyo kabisa, kwa kuwa walijua ningepiga kelele mpaka duka la vioo hapa chini livunjike. Ningewaambia kwamba nusu ya dozi si nusu ya kupona. Kuna dawa ambayo nusu yake haifanyi lolote. Ningewaambia wanaharibu utafiti na wanajiharibu wenyewe. Ninayajua maneno hayo yote kwa moyo, na sikupata nafasi ya kusema hata moja.

Alivyokufa nilikueleza kwenye simu, sitarudia. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kiatu cha mteja magotini. Kitinda alidhani amesinzia, akaendelea kupiga soli, akapunguza mlio wa nyundo asimwamshe.

Kisha majaribio yakafika mwisho na matokeo yakatoka. Kipindi changu cha sayansi kiko hewani mchana, na asubuhi hiyo mhariri aliniletea karatasi mwenyewe badala ya kuituma. Aliiweka mezani akasimama. Aliniuliza kama ningependa mwenzangu asome. Nikamwambia mimi ndiye msomaji wa kipindi hiki. Nilijikaza kisabuni, Shangazi, nikasoma kwamba dawa imepunguza vifo kwa kiasi kikubwa kuliko vidonge vitupu, nikaeleza protini, nikaeleza ini, nikaeleza kura ya kompyuta, na sauti haikutetemeka mahali popote. Simu zikaanza kuingia. Mwanamke mmoja alisema baba yake analala ameketi, sasa ameelewa kwa nini, na akanishukuru kwa kumletea tumaini nyumbani kwake. Nikamwambia asante kwa kutusikiliza.

Sikujua bado. Siku ile nilidhani Kaka alipata kopo tupu, basi. Nilikuwa nimeanza kuzoea uchungu wa namna hiyo, uchungu wa kukosa bahati.

Siku chache baadaye daktari wa utafiti alitupigia, akaomba tufike, Kitinda, Wifi na mimi. Ni mwanamke mwembamba, mdogo kwetu sote, anachomeka kalamu kwenye nywele kisha anaitafuta mezani. Chumba chake ni kidogo, mizani ya kupimia uzito iko nyuma ya mlango, na ukiingia lazima uiruke. Kulikuwa na viti viwili tu. Kitinda akabaki amesimama juu ya ile mizani bila kujua, mshale wa mizani ukachezacheza kila alipohema.

Daktari alitueleza kwamba kila walipokwenda kupimwa, damu yao kidogo ilihifadhiwa kwenye barafu. Majaribio yakiisha, damu yote hupimwa kuona dawa ilikuwemo kiasi gani. Damu ya watu wawili haikulingana na makopo yao. Aliyepewa vidonge vitupu alikutwa na dawa mwilini, na aliyepewa dawa alikutwa nayo pungufu.

Kitinda hakungoja aulizwe. Aliyasema yote palepale, meza, asubuhi, kimoja kwa kimoja. Wifi alikuwa akimtazama kama anamsikia kwa mara ya kwanza akiongea. Nilitegemea daktari afoke, hakufoka. Aliitoa kalamu kwenye nywele akaishika tu. Akasema anaelewa, na kwamba hata hivyo hawezi kuwafuta, kwa sababu sheria ya utafiti ni kuhesabu kila mtu upande wa kopo alilopewa, awe amelimeza au amelimwaga.

Wifi ndiye aliyeuliza kopo la dawa lilikuwa la nani.

Daktari alimgeukia Kitinda, akamwambia kwamba ana haki ya kujua na ana haki ya kutojua, na wapo watu waliochagua kutojua. Ningekuwa na akili ningemtoa Kitinda nje kwa mkono. Lakini nami nilitaka kusikia.

"Niambie," Kitinda akasema.

"Kopo la kaka yako ndilo lililokuwa na dawa. Lako lilikuwa tupu."

Nilidhani hapo tumefika chini kabisa. Daktari aliinama kwenye karatasi zake, akauliza, kwa upole, kama waliacha kugawana katika miezi ya mwisho. Kitinda akasema hapana, waligawana hadi asubuhi ile ya mwisho. Daktari akasema kwamba damu inaonyesha vingine. Mwanzoni wote wawili walikuwa na dawa kidogo kidogo, sawasawa. Kisha kuanzia kipindi fulani, damu ya Kaka haina dawa hata chembe, na damu ya Kitinda ina dozi kamili.

Nilisikia feni, na mtu nje akiitwa namba yake.

Mimi nilichelewa kuelewa, Shangazi, mimi ninayelipwa kuelewa. Kitinda alielewa kabla yetu sote. Aliniangalia mimi, si daktari.

"Yeye ndiye alikuwa anagawa," akasema. "Mimi nilikuwa nakinga mkono tu."

Alikuwa hatazami, unaona. Kwa nini atazame? Tangu utoto Kaka ndiye mgawaji, na mgawo wake haukuwahi kumpunja mtu. Makopo yalikaa upande wa Kaka, vidonge vinafanana kama punje za mchele, Kitinda anakinga mkono huku jicho liko kwenye kazi, anameza, wanaendelea. Kaka alikuwa akimpa viwili vyote kutoka kopo lake mwenyewe, na yeye akimeza viwili kutoka lile tupu.

Kitu kimoja kimekuwa kikinizunguka kichwani, alijuaje? Kitinda amenisaidia kukumbuka. Kuna wakati alisafiri kwenda kushona viatu vya shule, kazi kubwa ya wiki kadhaa, na kila mmoja akabaki na kopo lake. Kitinda alirudi amevimba miguu hadi kamba za viatu hazifungiki. Kaka, ambaye kabla ya hapo alikuwa akipumzika katikati ya ngazi, alimpokea stendi akabeba mzigo wake begani. Kitinda anasema siku ile Kaka alimtania kwamba amenenepa ugenini, na halafu akanyamaza njia nzima. Nadhani alijifunza hapo kopo lenye dawa ni lipi.

Kama angeniuliza mimi, ningemwambia hilo si jambo la kujifunzia. Watu wawili, wiki chache, mmoja amekaa kwenye gari siku nzima na kula chumvi ya mgahawani, huwezi kujua chochote. Hiyo ndiyo sababu watafiti wanatafuta watu wengi na kuwangoja miaka. Kaka alibahatisha. Aliyaweka maisha yake juu ya kubahatisha, na akawa amebahatisha sawa. Nina hasira naye ambayo sijui nimpelekee nani. Nakwenda kaburini nasimama, narudi nayo.

Daktari alituambia neno moja ambalo nataka mwanao akusomee mara mbili. Hakuna anayeweza kusema kwamba dozi kamili ingemwokoa Kaka. Moyo wake ulikuwa umekakamaa zaidi ya wa Kitinda tangu mwanzo, na wapo waliomeza dawa yote kila siku na bado wakafa. Utafiti unawajua watu wengi kwa pamoja, mtu mmoja mmoja haumjui. Unaweza kusema wangapi wataishi, hauwezi kusema ni nani. Ninaamini anasema kweli. Kitinda hakusikia. Neno la mwisho alilolisikia mle chumbani ni dozi kamili.

Na ile habari niliyoisoma redioni, nimeirudia nikiwa peke yangu. Kaka yumo. Yumo upande wa waliopewa dawa na wakafa. Kitinda naye yumo, upande wa waliopewa vidonge vitupu na wakaishi. Kwenye hesabu nzima ni kitu kidogo mno, hakibadilishi jibu, lakini kwa ajili ya ndugu zangu wawili dawa hiyo inaonekana dhaifu kidogo kuliko ilivyo. Nilisoma vile hewani bila kujua kwamba nawasoma wao, kila mmoja amesimama mahali pa mwenzake.

Umeniuliza amekufaje, Shangazi. Hivyo ndivyo alivyokufa. Wewe nawe ulimzika kaka, kwa ugonjwa huu huu, kwa hiyo nisikufundishe.

Sasa ombi.

Kwa kuwa dawa imefaulu, wote waliobaki katika utafiti wanapewa dawa ya kweli, bila kura. Kitinda alipewa kopo lake siku ile ile. Kwa wiki nzima hakulifungua. Alisema hawezi kula mgawo wa mtu mara mbili. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamwita majina tuliyokuwa tukiitana zamani ili acheke. Alinijibu kwa adabu. Pumzi yake imeanza kuwa fupi tena, akiinama kuokota kitu anangoja kidogo kabla ya kuinuka, na daktari amesema waziwazi kwamba moyo wake hauna muda wa kuchezea.

Wifi, niliyedhani hatamsemesha tena maishani, ndiye aliyekwenda. Alikuwa hajakanyaga karakanani tangu msiba. Alisimama mlangoni, akakataa kukaa kwenye kiti cha mumewe, akamwambia, "Usipomeza, utakuwa umeniulia mume wangu bure." Akaondoka hapohapo. Mimi nilikuwa nimeandamana naye, nikabaki nikamwona Kitinda amelivuta kopo na kulifungua. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua kandambili zake. Nikarudi kazini nimenyooka mgongo kwa mara ya kwanza.

Alhamisi hii nilipita asubuhi bila kumwambia. Nilimkuta anameza. Alitoa vidonge viwili kwenye kopo, kimoja akakiweka mdomoni akanywa maji. Kingine alinyoosha mkono akakiweka upande wa pili wa meza, upande wa mlango, karibu na nyundo ya Kaka. Vilikuwa vimejipanga pale, cha kila siku kimoja, tangu siku Wifi alipokwenda. Amefuta vumbi mahali hapo. Vipande vya ngozi vimejaa meza nzima, lakini hapo pamefutwa.

Nilimwambia nusu haitoshi, nilimweleza kama ninavyowaeleza wasikilizaji, polepole, kwa mfano na bila mfano. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha hata neno moja. Akasema anajua, ila mkono wenyewe unakataa kuvichukua vyote viwili.

Basi sina jingine la kumwambia, na daktari hana, na Wifi amekwisha kusema lake. Umebaki wewe. Hajawahi kukukatalia jambo, hata alipokuwa na ndevu. Mpigie, Shangazi. Usimpe pole, ameshiba pole. Usimweleze habari za protini, anazijua. Mwambie tu kwa sauti yako ile kwamba vyote viwili ni vyake.

Nisalimie mwanao, na umwambie nimeona alivyosoma vizuri leo. Nisalimie mkweo na uvumilivu wake, na wajukuu wote wawili, yule mcheshi na yule anayenuna. Wifi anakusalimu, anasema akipata nguvu atakuandikia mwenyewe. Mwenyezi Mungu akulinde hapo ulipo, akutulizie sukari na jicho, na akuache kwetu bado, kwa kuwa tumekuwa wachache.

Mpigie asubuhi na mapema, kabla hajafungua kopo.

Ni mimi mwanao nikupendaye siku zote,
Kasuku